Kuongoza Vijana Kazini na Kuwafanya Wabaki: Hatua kwa Hatua

Maswali ya wasimamizi wapya yanafanana mno. Mbona kijana niliyemfundisha miezi minne ameondoka bila hata kunong'ona? Nimkosoe vipi asinune? Ameomba nyongeza ya mshahara na hajamaliza mwaka, nimjibu nini? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu wiki moja kabla kijana hajaripoti. Umeandikwa kwa msimamizi wa karibu, yule anayegawa kazi na kuidhinisha likizo. Mengi yanayomchosha kijana yamo mikononi mwa msimamizi huyo, na kuyarekebisha hakuhitaji bajeti.

Neno moja kuhusu umri, kisha tuingie kazini. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kinawahesabu waliozaliwa kati ya 1997 na 2012 kuwa kizazi kimoja, Kizazi Z, na mengi husemwa juu ya tabia zao. Usishughulike nayo sana. Kwa msimamizi, tofauti yenye uzito ni kwamba mwajiriwa mchanga hana kazi nyingine ya kulinganishia. Hajui kama ukimya wako ni kuridhika au ni hasira. Hajui kama kuuliza jambo mara tatu ni kawaida, wala kupanda ngazi huchukua muda gani. Usipomwambia, atajaza mwenyewe, na mara nyingi hujaza kwa wasiwasi au kwa anayosikia kwa wenzake aliomaliza nao masomo. Karibu kila hatua hapa chini inahusu kusema waziwazi jambo ambalo mfanyakazi mzoefu angelijua bila kuambiwa.

Andaa haya kwanza

- Maelezo ya kazi ya ukurasa mmoja, yaliyoandikwa kwa matokeo. "Ankara zote za wiki zimeingizwa kwenye mfumo kufikia Ijumaa mchana" ni matokeo. "Kusaidia idara ya fedha" si matokeo.
- Kiwango cha mshahara wa nafasi hiyo, cha chini na cha juu, pamoja na kinachomtoa mtu hapa kumpeleka pale.
- Dakika 30 kwa wiki kwa kila kijana, zikiwa zimeshaandikwa kwenye kalenda yako. Vijana wanane ni saa nne. Wakizidi hapo, gawana na msaidizi, maana hutaweza peke yako.
- Faili au daftari moja kwa kila mtu: mliyokubaliana, tarehe, aliyoahidi, uliyoahidi.
- Mlezi wa kazi asiyekuwa wewe. Anayefaa ni mwenye mwaka mmoja hadi mitatu kwenye kazi ileile. Mwenye miaka 15 ameshasahau yaliyokuwa magumu mwanzoni.
- Jibu la bosi wako kwa swali hili: "Naruhusiwa kuahidi nini bila kukuuliza?" Lipate kwa maandishi.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea: nchi nyingi zina sheria dhidi ya ubaguzi wa umri. Usiandike popote kwamba fulani amepewa au amenyimwa kitu kwa kuwa ni kijana. Hatua hizi mpe kila mgeni wa kazi, hata akiwa na miaka 50.

Hatua ya 1: Hesabu walioondoka na lini

Chukua miezi 12 iliyopita. Hesabu waajiriwa wachanga mliokuwa nao mwanzoni na mwishoni, tafuta wastani, gawanya idadi ya walioondoka kwa wastani huo, zidisha kwa 100. Mlianza na 14, mmemaliza na 10, wastani ni 12. Kama walioondoka ni 6, mmepoteza asilimia 50.

Asilimia hiyo peke yake haitakusaidia sana. Andika pembeni ya kila aliyeondoka idadi ya miezi aliyokaa. Wakiwa wengi wameondoka kabla ya miezi mitatu, chunguza usaili na wiki za kwanza: pengine kazi waliyoikuta siyo waliyoelezwa. Wakiondoka kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, tazama usimamizi wa kila siku. Wakiondoka baada ya mwaka na nusu au miwili, mara nyingi wameona hakuna mbele, au mshahara umebaki palepale huku kazi ikiongezeka. Wasimamizi wengi huanza kwa kuandaa sherehe na fulana za timu wakati tatizo lao liko kwenye usaili. Hesabu hii ya nusu saa inakuonyesha pa kuweka nguvu.

Hatua ya 2: Maliza maandalizi kabla hajafika

Wiki moja kabla, hakikisha meza, kompyuta, akaunti ya barua pepe, neno la siri na kitambulisho viko tayari. Siku mbili kabla, mtumie ujumbe mfupi: afike saa ngapi, aingilie mlango gani, amwulizie nani, avae vipi, aje na nyaraka gani, siku itaisha saa ngapi. Mambo haya yanaonekana madogo kwako. Kwa mtu ambaye hajawahi kuajiriwa, ndiyo yaliyomkosesha usingizi.

Siku ya kwanza mpe kazi moja ya kweli inayokamilika kabla ya jioni, hata ikiwa ndogo. Kosa la kawaida ni kumkalisha siku tatu akisoma kanuni za ofisi. Anakwenda nyumbani akiwa hajafanya chochote, na akiulizwa kazi ikoje hana la kusema.

Hatua ya 3: Andika mpango wa siku 30, 60 na 90

Uwe ukurasa mmoja, msome pamoja siku ya pili, kila mmoja abaki na nakala.

- Siku 30: mambo matatu ambayo atakuwa anajua kuyafanya akiwa na mtu pembeni.
- Siku 60: mambo hayohayo akiyafanya peke yake, nawe ukikagua.
- Siku 90: eneo moja ambalo mtu akiuliza "hili liko kwa nani?" jibu ni jina lake.

Kama mkataba una kipindi cha majaribio, eleza bila kuzunguka kitaisha tarehe ngapi, nani ataamua, na kwa vigezo vipi. Kumwacha mtu asijue kama amethibitishwa ni njia ya uhakika ya kumfanya aanze kutuma maombi kwingine. Tarehe ikifika, mpe barua siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kabidhi kazi ikiwa kamili

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo tukae kidogo. Kazi iliyokabidhiwa vizuri ina mambo matano: kinachotakiwa kionekane mwishoni, kitatumika wapi, mipaka, muda, na pa kuuliza akikwama.

Maagizo kama haya hayatoshi: "Nishughulikie ile ripoti ya malalamiko, ni ya haraka."

Haya yanatosha: "Nahitaji jedwali la malalamiko ya wateja ya mwezi huu, yapangwe kwa aina, si kwa tarehe. Litatumika Alhamisi saa 4 asubuhi kwenye kikao cha kuamua kama tuongeze mtu wa kupokea simu. Lisizidi ukurasa mmoja. Usiwapigie wateja, tumia yaliyomo kwenye daftari la mapokezi tu. Jumatano saa 8 mchana nionyeshe ulipofikia, hata kama ni nusu. Ukishindwa kuamua lalamiko liingie aina gani, muulize kwanza mlezi wako."

Maagizo ya pili yanachukua chini ya dakika moja kuyasema, na yanaokoa asubuhi nzima ya kurudia. Angalia lile sharti la Jumatano. Kijana mwenye kazi ya siku tatu huogopa kuonyesha kitu kisichokamilika, hivyo huficha kosa la siku ya kwanza hadi siku ya mwisho. Ukimwomba waziwazi nusu kazi, nusu kazi haimtii aibu tena.

Ukimaliza kueleza, usiulize "umeelewa?" Jibu la swali hilo ni "ndiyo", kila siku, kwa kila mtu. Uliza: "Utaanzia wapi?" Maneno yake ya kwanza yatakuonyesha alichokipata na kilichompita.

Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo, lakini wapo wasimamizi wanaovuta pumzi kwa nguvu au kutazama saa mara tu mtu anapouliza. Kijana huliona hilo upesi na haulizi tena. Kama huna nafasi, mwambie saa: "Njoo saa 9, nitakuwa na dakika kumi." Kisha uwepo saa 9.

Hatua ya 5: Kikao cha wawili kila wiki

Dakika 30, siku ileile, saa ileile, mkiwa wawili tu, pasipo simu. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

1. Dakika 10 ni zake. Anza na "Wiki hii nini kilikukwamisha?" Usianze na "Mambo vipi?" maana utajibiwa "poa" na kikao kitakuwa kimeisha.
2. Dakika 10 ni za kazi: kilichokamilika, kilichobaki, kinachohitaji uamuzi wako.
3. Dakika 5 za jambo moja la kujifunza. Moja tu.
4. Dakika 5 za kuandika mliyokubaliana, nani atafanya nini kufikia lini.

Hii ndiyo hatua isiyoahirishwa. Ukibanwa, hamisha kikao ndani ya wiki hiyohiyo na umpe saa mpya papo hapo. Vikao viwili vikifutwa mfululizo, anahitimisha kwamba si muhimu kwako, na jambo ambalo angekuambia kwenye kikao cha tatu ataiambia kampuni nyingine.

Makosa ya kuepuka: kugeuza kikao kuwa ukaguzi wa orodha, kuongea zaidi ya nusu ya muda, na kuahidi jambo halafu usilifuatilie. Ahadi yako ya wiki iliyopita ndiyo iwe ya kwanza kusomwa kwenye daftari, kabla ya ahadi yake.

Baada ya miezi sita, kwa aliyesimama vizuri, mnaweza kukutana kila wiki mbili. Muulize yeye kama inamtosha.

Hatua ya 6: Sahihisha mapema, faraghani, kwa ushahidi

Methali ya "samaki mkunje angali mbichi" imetumiwa na wakubwa wengi kuhalalisha ukali. Isome tena: mbichi hukunjika kwa sababu hajakauka, kwa hiyo hahitaji nguvu. Mwajiriwa mchanga yuko hivyo. Akisahihishwa ndani ya saa 24, kwa sauti ya kawaida, hubadilika. Makosa ya miezi sita yakirundikwa hadi siku ya tathmini, anasikia hukumu tu, na ana haki ya kuuliza mbona hukusema.

Fuata mpangilio huu: kilichotokea, madhara yake, swali, makubaliano.

"Jedwali ulilotuma jana lina jumla mbili zisizolingana, juu 46, chini 52. Meneja aliliona kikaoni na tukasimama dakika kumi kutafuta ipi sahihi. Ilitokeaje?"

Hapo nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kama ni lazima. Wasimamizi wengi hawavumilii ukimya huo. Hujaza wenyewe kwa wosia mrefu, na kijana hupona bila kufikiri. Akishaeleza, uliza: "Tufanyeje lisijirudie?" Apendekeze yeye kwanza. Pendekezo lake likiwa dhaifu, liongezee: "Sawa, na kabla ya kutuma, mlezi wako alipitie jumla." Andikeni. Jedwali linalofuata likija safi, mwambie limekuja safi.

Mambo matatu usiyafanye kabisa. Usisahihishe mbele ya watu wala kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Usiseme "ninyi vijana wa siku hizi", kwa sababu hapo umeacha kuzungumzia jedwali na umeanza kuzungumzia yeye na wenzake wote. Na usifoke. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, unahesabu kuwa unyanyasaji hata tendo lililotokea mara moja kama linaweza kumletea mtu madhara ya kisaikolojia, unagusa mawasiliano ya simu na mtandao, na unawalinda hata wanagenzi na walio mafunzoni.

Sifa nazo zina kanuni zake. "Kazi nzuri!" haimfundishi kitu. "Ulivyomwachia mteja amalize kulalamika kabla ya kumjibu, alishuka sauti, endelea hivyo" inamwonyesha cha kurudia. Sifa ya namna hii isemwe hadharani ikiwa mhusika haoni haya. Wengine huona, muulize.

Hatua ya 7: Ongeza mamlaka kwa ngazi

Kijana anayepewa kazi za kunakili tu mwaka mzima ataondoka, na anayeachiwa kila kitu wiki ya pili ataharibu. Kati ya hao kuna ngazi nne, nazo mzitaje kwa namba ili kusiwe na kubahatisha:

1. Chunguza, niletee, nitaamua.
2. Pendekeza, tuamue pamoja.
3. Amua, nijulishe kabla hujatekeleza.
4. Amua, tekeleza, tutaongea kwenye kikao cha wiki.

Ngazi ni ya kazi, si ya mtu. Anaweza kuwa kwenye ngazi ya 4 kwa ratiba za zamu na ngazi ya 1 kwa mikataba ya wauzaji. Akifanya jambo vizuri mara tatu mfululizo, mpandishe ngazi moja kwa jambo hilo, na umwambie umempandisha. Likiharibika, shusha ngazi moja kwa jambo hilo tu, mengine yabaki.

Ukishampa ngazi ya 4, usirudi nyuma yake kubadilisha uamuzi wake mbele ya wengine. Ukiona amekosea na madhara ni madogo, acha yatokee, kisha mzungumze. Madhara yakiwa makubwa, zuia, na useme kosa ni lako la kumpandisha mapema.

Hatua ya 8: Mwonyeshe njia na fedha

Mwezi wa tatu, mchoree njia kwenye karatasi: cheo alichonacho, kinachofuata, ujuzi unaotakiwa kati yake, muda wa kawaida, na mshahara unavyobadilika. Kama nafasi za juu ni chache, mwambie. Onyesha pia njia ya pembeni: kuhamia kitengo kingine, kuwa mtaalamu wa eneo fulani, kusimamia wanagenzi. "Ukijituma utaona matunda" ni maneno ambayo kijana ameyasikia tangu shuleni, na hayana tarehe.

Kuhusu mshahara, uwe na majibu ya maswali matatu: unapitiwa lini, nani anaamua, na nini kinauongeza. Usisubiri aulize. Na hakikisha mgeni hajaajiriwa kwa mshahara mkubwa kuliko yule aliyekaa mwaka na nusu kwenye kazi ileile. Hii hutokea mara nyingi soko likipanda, na haifichiki, vijana huambizana mishahara. Ukiona pengo hilo, peleka hoja kwa wakubwa kabla hajaligundua yeye.

Mafunzo yahesabiwe ndani ya saa za kazi. Saa mbili kwa wiki zilizoandikwa kwenye kalenda zinatosha kuanzia. Kozi atakayoisoma usiku kwa gharama zake mwenyewe usiihesabu kama fadhila yako.

Hatua ya 9: Linda muda wake

Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Zaidi ya karne imepita, lakini ofisi bado huongeza saa kimyakimya kwa njia ya simu. Kubaliana na timu: baada ya saa fulani hakuna kujibu ujumbe, isipokuwa kwa dharura, na dharura inapigiwa simu. Ukiwa na la kuandika usiku, liandike, ulipange litumwe asubuhi. Ujumbe wa bosi saa 4 usiku wenye "si haraka, jibu kesho" bado unasomwa saa 4 usiku.

Muda wa ziada ulipwe au urudishwe kama mapumziko, kwa kufuata mkataba na sheria ya nchi mliyopo. Asiye na familia asiwe ndiye anayeachiwa zamu za sikukuu kila mwaka. Weka mzunguko, ubandikwe ukutani.

Hatua ya 10: Mazungumzo ya kubaki, kila miezi sita

Kampuni nyingi humuuliza mtu kwa nini anaondoka akiwa ameshaandika barua. Uliza mapema, nje ya kikao cha wiki, ukitenga dakika 45:

- Siku gani katika miezi hii ulikwenda nyumbani umefurahi na kazi? Ilikuwaje?
- Ni kazi gani ungeiacha leo kama ungeruhusiwa?
- Mara ya mwisho kuwaza kuondoka ilikuwa lini, na nini kilisababisha?
- Nifanye nini zaidi, na nini nipunguze, mimi kama msimamizi wako?

Swali la tatu linawatisha wasimamizi, wanaona kama wanampa wazo. Wazo alilo nalo tayari. Akijibu, usijitetee. Sema "asante", andika, rudi ndani ya siku saba na majibu: hili nimelifanya, hili nimelipeleka juu, hili haliwezekani kwa sababu hii. Jibu la "haliwezekani" lenye sababu hupokewa. Asiporudishiwa jibu lolote, safari ijayo atakuambia kila kitu kiko sawa.

Mambo yakienda kombo

*Anachelewa kila siku.* Kwanza tafuta kama amewahi kuambiwa saa ni sharti au ni makadirio, maana ofisini huenda anaona wakubwa wakiingia watakavyo. Kisha uliza sababu. Ikiwa ni usafiri, na kazi inaruhusu, sogeza saa ya kuingia na ya kutoka kwa nusu saa kwa mwezi mmoja wa kujaribu. Akiendelea kuchelewa baada ya makubaliano ya maandishi, fuata utaratibu wa onyo kama kwa mtu mwingine yeyote. Kumwonea huruma pasipo mwisho kunawavunja moyo wanaowahi.

*Hasemi kitu kikaoni.* Mtumie swali moja jana yake ili aje na jibu. Jaribuni kuongea mkitembea, wengine hufunguka wasipotazamana na bosi. Kwenye kikao cha timu, mwambie mapema: "Kipengele cha pili utakieleza wewe, dakika tatu." Akishasema mara moja, ya pili ni rahisi.

*Ameomba nyongeza baada ya miezi minne.* Usicheke wala usikasirike. Uliza ameegemea nini. Wakati mwingine majukumu yameongezeka kweli tangu aajiriwe na hakuna aliyelitazama. Kama hayajaongezeka, toa karatasi ya hatua ya 8, onyesha tarehe ya mapitio, taja mambo mawili yatakayompa nafasi nzuri siku hiyo. Usiahidi kiasi ambacho si wewe unayekiidhinisha.

*Makosa yaleyale yanarudi.* Mwombe afanye kazi hiyo mbele yako, nawe utazame bila kuingilia. Mara nyingi utaona hatua moja ambayo hakuna aliyemfundisha, au mfumo unaomkosesha. Orodha fupi ya kukagua, isiyozidi mistari saba, ibandikwe karibu na kompyuta. Kama hatua zote anazijua na bado anakosea, angalia wingi wa kazi alizonazo kwa siku moja.

*Yuko kwenye simu muda wote.* Pima matokeo kwanza. Kazi ikitoka kwa wakati na kwa ubora, liache. Isipotoka, zungumzia kazi isiyotoka, simu itajitokeza yenyewe kwenye maelezo yake. Mahali penye mashine, gari au wateja ana kwa ana, weka kanuni ya usalama inayomhusu kila mtu, wewe ukiwemo.

*Wazoefu wanamdharau, au wanasema anapendelewa.* Wape nao vikao na nafasi za mafunzo, manung'uniko mengi yanatokana na wao kutopata. Kisha wape kazi ya pamoja ambayo kila upande una kitu mwenzake hana: mzoefu anawajua wateja, kijana anaijua programu mpya. Ulezi wa kazi uandikwe kwenye majukumu ya mlezi na uhesabiwe kwenye tathmini yake, vinginevyo ni mzigo wa bure.

*Ameleta barua ya kuacha kazi.* Usipandishe mshahara hapohapo kwa hofu. Keti naye siku hiyo, uliza nini kingebadilika miezi mitatu iliyopita ili barua isiandikwe. Kama sababu ni jambo moja unaloweza kulirekebisha kwa maandishi ndani ya wiki, sema hivyo na umpe siku mbili za kufikiri. Kama ni fedha juu ya uchovu juu ya kutosikilizwa, nyongeza itamshika miezi michache tu. Mpongeze, panga naye makabidhiano: orodha ya kazi zilizo wazi, mafaili yalipo, watu wa kuwasiliana nao, na siku mbili za kumwelekeza anayepokea. Usimtoe kwenye vikao ghafla wala kumsema vibaya, wenzake wa rika lake wanatazama anavyoagwa. Lipa stahiki zake kwa tarehe, mwandikie barua ya utambulisho kabla hajaondoka, kisha rudi kwenye hesabu ya hatua ya 1 uandike jina lake, idadi ya miezi, na sababu kwa maneno yake mwenyewe.